Muuguzi Aliyekuwa Wodini Bila Kuwapo

Kompyuta ya wodi ya watoto ilikuwa nzito kuamka. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kwenda kuchumbia, ukakataliwa, ukachumbia nyumba ya pili ukakubaliwa, na ukirudi na mke bado inakuomba usubiri. Ndiyo maana wauguzi walimlilia fundi wa mfumo: ukikaa kidogo bila kuigusa, inakutoa, uanze upya kuandika nywila huku mtoto anapiga mayowe. Aliyelia kuliko wote alikuwa mke wa kaka yake fundi, muuguzi mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

"Shemeji, mashine yako ina kisirani kama mama yenu," alimwambia. "Hebu itulize."

Fundi akaituliza. Mtu akiingia kwenye mfumo, mashine kuu humwandikia faili dogo la ruhusa: huyu tunamjua, asiulizwe tena. Faili hilo huwa na muda wake. Ukiisha, programu ya usafi hulifuta. Fundi aliuongeza muda mpaka ukakaribia kiyama. Programu ya usafi nayo ikaendelea kutafuta mafaili yaliyoisha muda, isione hata moja, ikarudi kulala. Mafaili yakazaana kama sungura.

Kisha mtoto mmoja akapewa dawa kupita kiasi. Aliponea chupuchupu. Rekodi ilionyesha kipimo kimebadilishwa jioni, kwa jina la shemeji. Yeye akaapa kwamba saa hiyo alikuwa nyumbani anamenya vitunguu.

"Vitunguu havitoi ushahidi," Mganga Mkuu alimjibu, akamsimamisha kazi mpaka kikao cha nidhamu.

Asubuhi ya kikao, shemeji alikuja kwanza kwenye chumba cha mashine, akaketi juu ya boksi, mikono mapajani. Fundi alikuwa amemwahidi kumtafutia faili lake la ruhusa. Kama lilibaki hai baada ya yeye kutoka, basi mtu mwingine angeweza kuandika kwa jina lake. Lakini kila faili lilikuwa na jina la ovyo, kama nyayo za kuku mwenye wino miguuni. Ilibidi kulifungua moja moja.

Alikuwa hajafika mbali Mganga Mkuu alipoingia akihema.

"Mfumo umekufa! Maabara hawaingii, chumba cha dawa hawaingii. Una nini humu?"

Fundi alitazama. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Kila anayejaribu kuingia alihitaji faili jipya, na hapakuwa na pa kuliweka.

"Ni mafaili ya ruhusa, Daktari. Yamejaa."

"Basi futa!"

"Ushahidi wa shemeji huenda umo humo. Nipe muda niyanakili kwanza."

"Muda gani? Kuna mtoto anasubiri majibu ya damu, na wewe unanihesabia makaratasi ya hewani!"

Fundi akamgeukia shemeji.

"Nikifuta, huenda ushahidi wako ukapotea nayo," alimwambia polepole.

Shemeji alikuwa amejiuma mdomo. Alitazama mlango, upande wa wodini.

"Futa, shemeji. Huyo wa damu hajui vitunguu vyangu."

Fundi akafuta kila faili lisiloguswa tangu jana. Mashine ikapumua kama ng'ombe aliyevuliwa nira. Huko nje mtu akapiga kelele kwamba imefunguka. Kwenye kioo yakabaki machache, ya wanaofanya kazi wakati ule ule. Fundi akayafungua kutoka juu, akaganda.

"Daktari, njoo usome hapa."

Mganga Mkuu akasoma. Jina la shemeji. Wodi ya watoto. Na jina hilo lilikuwa linaandika sasa hivi.

Wote wawili wakamgeukia mwanamke aliyeketi juu ya boksi.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Nimeota pembe?"

Walikwenda wodini karibu wanakimbia. Mezani alikaa muuguzi mgeni, vidole juu ya vitufe.

"Umeingia kwa jina la nani?" Mganga Mkuu akauliza.

"Jina? Mimi hukaa tu, Daktari. Nimeikuta wazi. Sote hukaa hapa."

Kwenye kona ya kioo, pale jina linapoonekana, palikuwa pamebandikwa kipande cha plasta: USIIZIME JAMANI. Shemeji aliutambua mwandiko. Ulikuwa wake.

"Na jioni ile, nani alibadilisha kipimo?" Mganga Mkuu akawauliza wote.

Wauguzi wakatazamana. Mgeni akaondoa vidole juu ya vitufe, lakini kila mmoja pale aliwahi kukalia kiti kile.

Mganga Mkuu akakohoa. "Wewe rudi kazini," akamwambia shemeji. "Hakuna kikao. Jina lako hapa halithibitishi kitu." Akashusha sauti. "Ila mama wa yule mtoto aliyezidishiwa dawa anataka kuambiwa ni nani. Nitamwambia nini?"

"Nitamwambia mimi," shemeji akasema.

"Utamwambia ni nani?"

"Kwamba hatujui. Na kwamba mlango niliuacha wazi mimi."

Akavuka wodi kuelekea kitanda cha dirishani, ambako mama mmoja alikuwa amesimama tayari. Fundi alitaka kumfuata, lakini alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kutoka, kioo kikawa kinauliza jina na nywila, na mgeni alikuwa amemshika mkono wa shati akisema yeye hajawahi kupewa nywila yake.