Kimya cha Ijumaa

Severa hakupenda kuharakishwa, na Azzam, bosi wake, hakujua namna nyingine ya kufanya kazi. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la vitenge. Humo walitengeneza bodi ndogo za saizi ya kiganja, zenye programu ndani, za kuwasha na kuzima vitu bila mkono wa mtu. Azzam alikuwa mwepesi wa kuwaambia wengine kwamba haraka haraka haina baraka. Akishatoa ahadi kwa mteja, hiyo baraka alimwachia Severa aitafute.

Safari hii ahadi alimpa Mzee Suud, mwenye jengo jipya ng'ambo ya barabara. Chini ya jengo kulikuwa na stoo kubwa, na upande ule unaoteremkia Jangwani maji huchimbuka sakafuni mvua ikikolea. Bodi ya Severa ilitakiwa iyahisi maji mapema, kisha ipige king'ora, ikate umeme wa stoo na kuwasha pampu. Mpangaji wa kwanza alikuwa Jovin, mdogo wake Severa wa tumbo moja, aliyeshusha mashuka yake ya jumla kabla hata rangi haijakauka ukutani. Mchaga akishaona nafasi ya biashara, utamwambia nini?

"Humu ni salama kweli, dada?" Jovin alimuuliza, akitazama nyaya za umeme ambazo mafundi walikuwa bado wamezilaza sakafuni.

"King'ora kisipolia, wewe piga kazi," Severa alimjibu. "Kikilia, acha kila kitu upande ngazi."

Alisema kwa uhakika kabisa, na Jovin hakuwa na sababu ya kumtilia shaka dada yake.

Siku ya kwanza ya majaribio, king'ora kililia katikati ya adhana ya adhuhuri. Mtaa mzima uligeuka kutazama. Kesho yake Mzee Suud alipanda ofisini mwenyewe, akihema kwa ngazi.

"Shikamoo, mzee," Severa alisema.

"Marahaba, binti yangu. Chombo chako kizuri, ila hakina adabu. Kifundishe. Wakati wa adhana na sala kisipige kelele. Pampu ifanye kazi, umeme ukatike, hayo hayana neno. Kelele tu."

"Nitakifundisha, mzee. Nipe siku mbili tatu."

"Hatuna hizo siku," Azzam aliingilia. "Mzee anafungua stoo keshokutwa. Severa, si ni mistari michache tu hiyo?"

Ilikuwa michache kweli. Severa aliiandika mchana uleule, huku Azzam akija kuchungulia kila baada ya muda kidogo, eti bado? Ukifika wakati wa sala, aliiagiza bodi, subiri mpaka sala iishe. Ijumaa subiri zaidi, kwa sababu ya hotuba. Sasa, bodi ndogo kama ile haina akili mbili. Ukiiambia isubiri, inaacha kila kitu: haihisi maji, haikati umeme, haiwashi pampu. Severa alilijua jambo hilo tangu chuoni, lakini mtu anayepumuliwa shingoni husahau hata jina la mama yake.

Wakajaribu. Walimwaga ndoo asubuhi, wakamwaga tena jioni, na kila mara bodi ikaitika vizuri. Wakati wa sala hakuna aliyemwaga maji. Azzam alikuwa msikitini, fundi wa pampu alikuwa msikitini, na Severa, kwa heshima, alikuwa akila wali wake bila hata kuburuta kiti. Nani muungwana akachezee ndoo wenzake wakisali? Basi wakati pekee ambao chombo kile kilikuwa kibovu ndio ambao hakuna aliyekijaribu.

Ijumaa mvua ilianza tangu alfajiri. Ulipokaribia wakati wa sala, Mzee Suud alifunga geti la nondo la stoo kwa kufuli, kama ilivyo desturi, maana Kariakoo ukiacha mlango wazi mzigo huota miguu. Jovin alibaki ndani kwa hiari yake. Alisema ndiyo nafasi pekee ya kupanga mashuka bila mteja kumvuta shati.

Severa alibaki peke yake ofisini. Mezani kulikuwa na bodi ya pili, pacha wa ile ya stoo, yenye programu ileile na taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikikonyeza tangu asubuhi. Alipoinua macho kutoka kwenye sahani, taa haikuwa ikikonyeza tena. Ilikuwa inawaka moja kwa moja, imekodoa. Kwenye kipaza sauti cha msikiti hotuba ilikuwa inaelekea mwisho. Alichukua kihisi cha maji akakitumbukiza kwenye glasi yake, akangoja. Hakuna kilichotokea.

Alielewa papo hapo. Alimpigia Azzam, simu ilikuwa imezimwa. Alimpigia Jovin, lakini kule chini mtandao haufiki. Alishuka ngazi mbio, akavuka barabara maji yakimfika vifundoni, akazishika nondo za geti.

Taa za stoo zilikuwa bado zinawaka. Ngazi za mwisho hazikuonekana, zilikuwa zimefunikwa na maji meusi yaliyotulia. Swichi kuu ilikuwa ukutani kwa ndani, mkono haufiki.

"Jovin. Uko wapi?"

"Dada?" Sauti ilitoka nyuma ya mzigo, bila wasiwasi. "Niko juu ya mbao huku. Maji yameingia kidogo."

"Kaa hapohapo. Usikanyage maji, umeme haujakatika."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka la jirani, na hakujua ni maneno yapi yaliyofika.

"Mbona king'ora hakijalia?" Jovin aliuliza.

"Hakitalia. Nimekosea mimi. Jovin, usishuke."

"Kama hakijalia, basi bado kuna muda. Nanyanyua haya maboksi mawili, nakuja."

Severa alisikia boksi likiburutwa. Akasikia mguu ukitumbukia majini. Baada ya hapo alisikia mvua tu.

Alimwita. Alilitikisa geti akamwita mpaka sauti ikakauka, na kule msikitini watu wakatoa salamu, sala ikaisha. Chini, bodi ikaamka. King'ora kikalia, taa zikazimika, pampu ikaanza kuvuta maji, sawasawa na alivyoiandika.

Mzee Suud alikuja mbio kwenye mvua, kanzu ameikunja, ufunguo mkononi.

"Nimekisikia, binti yangu," alisema akihema, akipapasa kufuli. "Alhamdulillahi, kimewahi."

Severa alikuwa bado anamwita Jovin.