Mti Uliotetemeka

"Sasa utuchongee ule mti wako, Mzee," mwalimu wa sanaa akasema, na wanafunzi wakaisogelea meza mpaka nikahisi pumzi zao shingoni.

Nilishika patasi. Mbele yangu palikuwa na kibao kitupu. Ukutani ilitundikwa picha niliyoichapa kutoka kibao kama hicho, ile iliyonipa jina uzeeni: kilima, mawingu mazito, na mti mmoja ambao kila tawi lake linatetemeka. Mwalimu alikwisha kuwaeleza kwamba ule mti ni sisi wanadamu, tunaotikiswa tusing'oke. Aliyasema kwa ufasaha, nami sikumkatiza.

Ukweli ni kwamba nilikusudia kuchonga mti uliotulia, siku isiyo na upepo. Mkono ndio uliokataa. Mwaka ule vidole vyangu vilikuwa vikicheza vyenyewe. Chai nilikunywa nusu, nusu ikaishia kwenye kisahani. Mke wangu hakunicheka. Alinipeleka kwa daktari, na asubuhi ya siku hii ya darasani alinisimamia mpaka nikameza dawa. "Usije ukaaibika mbele ya watoto wa watu," alisema, kisha akaja kuketi nyuma ya darasa.

Dawa ikafanya kazi yake. Patasi iliteleza, shina likatoka limenyooka kama nguzo ya umeme. Mwalimu akakohoa. Msichana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mbona kama si yeye?"

Hapo ndipo nilipoutikisa mkono. Kusudi. Nilijua vizuri unavyotetemeka, nikauigiza, tawi baada ya tawi, mpaka wakashusha pumzi na kupiga makofi. Masikio yaliniwaka moto. Sikuthubutu kutazama nyuma alikoketi mke wangu.

Wakati wa kurudi alinibebea mfuko wa vifaa, akataka tutembee polepole.

"Leo imekuzidi," akasema. "Nimeona. Pole, mume wangu."

"Kidogo tu."

"Si kidogo. Kesho turudi kwa daktari, akuongezee dawa."

Nilifungua kinywa nimwambie. Lakini tulikuwa tumefika barabarani, magari yanapita, naye akanyoosha kiganja anishike tuvuke pamoja. Nikampa mkono, na nikautikisa tena, kidogo, asije akahisi ulivyotulia.

Akaubana kwa nguvu. Tukavuka.