Sigara ya Rennes

Treni ilisimama Rennes dakika saba, na sigara ya Hervé ilihitaji tano tu.

"Soizic, bibie, nashuka kuvuta. Usinyanyuke hapo."

"Nenda bwana, kabla hujaanza kutafuna kiti," mkewe akamcheka.

Leo akili za Soizic zilikuwa zimetulia. Siku nyingine alimwita Hervé kaka, akavaa koti aende kwa mama yake, aliyekufa miaka thelathini iliyopita. Ndiyo sababu walikuwa wanahamia Quimper kwa binti yao. Soizic hakuwa mtu wa kuachwa peke yake. Akiona mlango wazi, anatoka.

Hervé akatembea na moshi wake mpaka mbele kabisa ya treni, akakuta wavutaji wenzake wanailaani mvua, naye akailaani kidogo. Kipyenga kikalia. Akafanya kama afanyavyo kila msafiri mzoefu: akarukia mlango wa karibu, mwendo uliobaki utaumaliza ndani kwa ndani mpaka kitini kwako.

Akapita behewa baada ya behewa, akiomba radhi kwa magoti ya watu. Behewa la mwisho halikuwa na njia. Ukuta mtupu.

"Dada, mbona hapapitiki?" akamuuliza mkaguzi wa tiketi.

"Ndiyo mwisho hapo, mzee. Zilikuwa treni mbili zimeunganishwa, tumeachana Rennes. Sisi tunakwenda Brest."

"Na ya Quimper?"

"Tumeiacha stesheni. Inatufuata muda si mrefu."

Nje, ng'ombe walikuwa wanapita kama wamerushwa.

"Mke wangu yuko kule. Ni mgonjwa wa kusahau. Simamisheni!"

"Kituo kijacho ni Saint-Brieuc, mzee. Dakika arobaini na tano. Mpigie simu, mimi nampigia mwenzangu kule."

Simu ikapokelewa mara moja.

"Soizic! Mimi Hervé. Usishuke!"

"Hervé gani tena?" Sauti ilikuwa na furaha. "Acha utani, kijana. Hervé wangu huyu hapa, ananivalisha koti."

"Mpe simu huyo mtu."

Watu walisikika wakipishana na mabegi.

"Hataki. Anasema tufanye haraka, mlango unafungwa."

Ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikaita.

Mkaguzi alikuwa amempata mwenzake. "Kiti cha dirishani, ndiyo... Umeangalia na chooni?" Akasikiliza. Kisha akageukia dirishani, asikutane macho na Hervé. "Na mmeshaondoka?"