Adalbero wa Upanga, Adalbero wa Ubani

Shoka la kwanza lilipougonga mlango wa kanisa kuu, vumbi la chokaa lilidondoka mabegani mwa Askofu Adalbero, naye hakulipangusa.

"Somo!" Sauti ya mtawala wa jimbo, Adalbero mwenzake, ilinguruma kutoka nje. "Fungua, ama nifungue mwenyewe!"

Mjini waliwatofautisha kwa mzaha: Adalbero wa Upanga na Adalbero wa Ubani. Mjomba na mpwa, jina moja, damu moja. Mjomba ndiye aliyemkalisha mpwa kwenye kiti cha uaskofu, na hapakuwa na aliyelisahau hilo, mpwa mwenyewe akiwa wa kwanza.

Nyuma yake, mwindaji Wigbert alikuwa ameikumbatia altare. Asubuhi ile, katika msako wa nguruwe mwitu, mshale wake ulipenya kichaka ukamuua Reginar, mwana wa pekee wa mtawala. Aliyeishika altare hakamatwi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Lakini Reginar na askofu walikula sahani moja tangu utotoni, na askofu alimtazama Wigbert kama mtu amtazamavyo nyoka aliyeingia chumbani.

Alisogea kwenye upenyo wa mlango. "Wataka nini, mjomba?"

"Mwambie nimemsamehe, atoke. Akivuka kizingiti ni wangu, na altare yako haitakuwa na doa."

"Haraka basi, mtoto wa dada!" askari mmoja alidakia. "Au mpaka mama akuruhusu?" Wenzake wakaangua kicheko.

Askofu alirudi altareni. Uongo ule haukumlemea ulimi; aliuona mtamu.

"Mtawala amekusamehe. Achia, utoke."

Wigbert aliinua macho. "Ni neno lako, Baba Askofu?"

"Ni langu."

Akaachia papo hapo, bila swali la pili. Alisimama, mikono imekaukiwa na damu hadi viwikoni: damu ya mtu aliyehangaika kuziba jeraha. Askofu aliitazama mikono ile.

"Shika," alinong'ona. "Shika tena! Nimekudanganya."

Aliondoa komeo, akatoka, akaurudishia mlango na kuuegemea kwa mgongo. Akavua pete ya uaskofu, akamnyooshea mjomba wake.

"Kiti ulinipa wewe, kichukue. Yule siwezi kukupa."

Shoka la mtawala lilipanda. Kicheko cha askari kilikatika. Askofu alifumba macho, na chuma kikazama kwenye ubao karibu na sikio lake.

"Ulimpenda mwanangu?" mtawala aliuliza, sauti imempasuka.

"Nilimpenda."

"Basi niambie alisema nini akikata roho. Walioniletea maiti hawakuwapo. Alilia? Aliniita?"

"Sijui, mjomba. Anayejua yumo humu."

Kifua cha mzee kilipanda na kushuka. Hatimaye aliisukuma kando ile pete, akampita mpwa wake, akavuka kizingiti, upanga ungali kiunoni. Askofu akamfuata.

Wigbert alisikia nyayo zikija juu ya mawe, kisha zikatulia. Alikuwa ameificha sura yake kwenye kitambaa cha altare, hakuthubutu kugeuka.

"Sema," sauti ilimwambia, ya chini, iliyochakaa kwa kilio. Naye hakuweza kutambua ni ya Adalbero yupi.