Marufuku ya Neno Ila

Nchi ya Salamani haimo kwenye ramani, na yeyote atakayedhani ameitambua, hilo ni lake na nafsi yake. Mimi sikumtajia mtu. Ninachojua ni kwamba watu wa huko walikuwa na adabu hadi kero. Ukikutana na Msalamani ambaye nyumba yake inaungua, ukamuuliza habari za nyumbani, atakujibu, "Njema." Kisha atameza mate, aseme, "Ila nyumba inaungua." Ndivyo walivyolelewa. Jema hutangulia, maana kumpiga mtu na baya usoni kabla hajaketi ni utovu wa adabu. Halafu huja ila, na nyuma ya ila ndiko habari yenyewe iliko. Mtoto wa miaka mitatu alilijua hilo.

Kazi ya kuisemea ila nchi nzima alikuwa nayo mzee Ngwali, Mpasha Habari wa Mfalme. Kila alasiri alipanda mnara ulio ndani ya ukuta wa kasri, akapiga pembe mara moja, watu wakaacha walichokuwa wakikifanya wakajaa uwanjani. "Habari za leo ni njema," angesema, kisha angenyamaza kidogo. "Ila daraja la kaskazini limekatika, msipite na mizigo." Au nzige, au vita, au kifo cha Malkia. Miaka thelathini na miwili hakutia chumvi wala kupunguza. Alikuwa na sauti nene isiyo na haraka, mwenyewe alilijua hilo, na alijipenda kidogo kwa ajili yake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mize, mwosha maiti wa mtaa wa Bondeni, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Kila alasiri, kazi ikimruhusu, Mize alisimama kando ya kisima cha uwanjani ili baba yake amwone, naye Ngwali akimaliza kutangaza alimpungia pembe. Mara nyingine mwezi mzima ulipita hawajazungumza, na hilo lilikuwa likiwatosha.

Mwaka huo ugonjwa uliingia Bondeni. Homa siku mbili, siku ya tatu damu puani, siku ya tano mtu hayupo. Hakuna aliyekuwa na jina lake, watu wakauita Ile. "Amepata Ile," walisema kwa sauti ya chini, hata pale walipokuwa peke yao.

Tabibu Mkuu, mwanamke mkavu wa maneno, alitoka Bondeni akaenda moja kwa moja barazani. Ngwali alikuwapo, amesimama nyuma ya kiti cha Mfalme akingoja atakachopewa kutangaza.

"Habari za Bondeni?" Mfalme aliuliza.

"Njema, Mtukufu. Ila wamekufa arobaini na mmoja," Tabibu alijibu. "Ile inatoka kwa maiti, inamwingia anayemwosha, naye anaipeleka kwake. Waoshaji walikuwa kumi na wawili, saba wamekwisha. Naomba tangazo moja tu, na liwe leo. Kwa siku arobaini maiti wasioshwe wala wasiguswe. Wazikwe na nguo zao. Watu watalia, watanitukana, na wataishi."

Ngwali alihesabu. Waliobaki ni watano, na mmoja wao ni wake.

"Mwezi ujao ni Jubilei yangu," Mfalme alisema. "Wafalme sita wanakuja kula hapa. Nani atatia tonge mdomoni katika nchi isiyoosha maiti wake?"

Baraza likatazama sakafu. Aliyeinua uso ni Waziri wa Maneno, mtu laini ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua jinsi jambo litakavyosemwa. "Mtukufu, kudanganya ni vibaya, na sisi hatutadanganya. Mpasha, wewe huanzaje tangazo lako?"

"Habari za leo ni njema," Ngwali alijibu.

"Kila siku?"

"Kila siku, Mheshimiwa."

"Hata siku Malkia alipotutoka?"

"Hata siku hiyo."

"Basi aishie hapo," Waziri alisema. "Desturi ya mababu tumeishika, urefu wake tu ndio tumeupunguza."

Baraza likacheka kwa heshima. Mfalme naye alipendezwa, na mtu akipendezwa na wazo la mwenzake hupenda kuliongezea lake. Akakata kauli kwamba tangu saa ile neno ila ni marufuku katika nchi nzima, kwa Mpasha na kwa muuza mchicha, kwa sababu kinachoua watu ni hofu, na hofu huingilia kwenye neno hilo.

"Amri yako ni amri, Mtukufu," Tabibu alisema, "ila..."

Askari wawili walimshika mikono kabla hajamaliza. Alikuwa wa kwanza kuandikwa kwenye daftari la makosa. Alipopitishwa mbele ya Ngwali alimkazia macho, na Ngwali akatazama viatu vyake.

Saa hiyo hiyo milango ya kasri ikafungwa, asitoke mtumishi wala asiingie mgeni, ili Jubilei ikute kasri safi. Sasa Ngwali hakuwa na njia ya kumfikia Mize isipokuwa kinywa chake. Wapo watakaosema wangekuwa wao wangefanya hivi na vile. Hewala. Mimi nasimulia alichokifanya yeye.

Alasiri alipanda, akapiga pembe. "Habari za leo ni njema," akasema, akanyamaza. Watu wakangoja. Walingoja na nyuso zao juu, wakidhani anavuta pumzi. Kivuli cha mnara kikatambaa hadi kisimani na bado wamesimama, Mize katikati yao, mkono juu ya macho kuzuia jua. Ngwali akampungia pembe, akashuka. Alisikia minong'ono ikianza nyuma ya ukuta, kisha hatua za watu wanaokwenda nyumbani haraka kuliko kawaida.

Mtu akiambiwa wamekufa arobaini, ataogopa arobaini. Hawa hawakupewa idadi, kwa hiyo kila nyumba ikajitungia yake. Waliosema ni maji wakaacha kunywa kisimani. Waliosema ni hewa wakaziba madirisha kwa matope, na vitoto vikazimia kwa joto ndani. Muuza pilipili alipiga chafya sokoni, akapigwa na wateja wake wa miaka mingi hadi akang'oka meno mawili. Siku ya pili wanawake wa sokoni walihamia neno lakini. Siku ya tatu lakini nayo ikapigwa marufuku, pamoja na bali na isipokuwa, hata watu wakawa hawana namna ya kugeuza sentensi. Wakaishia kuambiana njema na kutazamana. Kila mmoja alimwangalia mwenzake puani.

Hapo ndipo alipopatia riziki mtu mmoja aliyeitwa Domo. Zamani alikuwa mpiga debe wa mieleka. Sasa alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, kila alasiri baada ya pembe, akawafasiria watu ukimya wa mnara. "Jana alinyamaza kidogo, leo amenyamaza sana. Maana yake Ile imefika Mlimani." Mpasha akikohoa mara mbili, Domo alisema wamekufa mia mbili. Watu walimsikiliza huku wanatetemeka, na kesho yake walirudi mapema ili wapate nafasi ya mbele. Neno lililokatazwa hakulitamka hata siku moja, na askari wakamwacha.

Ngwali aliyaona yote kutoka juu, na makaburi mapya ya Bondeni aliyahesabu kila alipopanda. Alichokiona zaidi ni beseni. Mize alikuja kisimani na beseni lake la kuoshea, akasikia njema, akajitwika, akashuka Bondeni kwenye nyumba zenye vilio. Siku ya pili, ya nne, ya tano. Ngwali alikuwa akilala chali mchana kutwa ndani ya chumba chake cha kasri, chakula hakishuki, akijiambia kwamba kesho atasema. Aliogopa sana. Aliogopa shimo alikotiwa Tabibu, na aliogopa hata kuvuliwa ile pembe, aibu iliyoje, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tisa akapata wazo lisilovunja amri yoyote. Alipomaliza kusema njema alichukua kitambaa, na kilichokuwapo kilikuwa chekundu, akaifunga mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Akaiinua watu waione. Akatikisa kichwa. Kisha akalinyoshea kidole beseni la Mize, akatikisa kichwa tena. Msiguse, msioshe. Kwake yeye lilikuwa wazi kabisa. Siku hiyo alikula, akamaliza sahani, akalala usingizi.

Domo alikuwa ameshapanda kinu. "Mmemwona?" aliwauliza watu. "Mikono myekundu ni damu. Kisha akaonyesha beseni. Anatuambia wanaotuua ni waoshaji. Na amemnyoshea kidole binti yake wa kumzaa. Mnataka ushahidi gani tena?"

Siku ya kumi nyumba mbili za waoshaji zilichomwa Bondeni. Moja ilikuwa na mwenyewe ndani.

Siku ya kumi na moja Ngwali alipofika juu ya mnara hakukuta watu wakimtazama yeye. Walikuwa wamefanya duara kuzunguka kisima, mawe mikononi, na ndani ya duara alikuwa Mize, amelikumbatia beseni lake kifuani. Domo alikuwa mbele, anazungumza.

Ngwali hakupiga pembe.

"Ila," alisema.

Hakupaza sauti, wala hakuhitaji. Neno hilo lilikuwa halijasikika hadharani kwa siku kumi na moja. Mwanamke mmoja aliketi chini pale pale alipokuwa, akaanza kulia kabla hajajua analia nini. Uwanja mzima uligeuza shingo.

"Ila wamekufa mia mbili na kumi," Ngwali aliendelea, kwa ile sauti yake ya miaka yote. "Ila Ile imo kwenye maiti. Msiwaoshe, msiwaguse, wazikeni na nguo zao, kwa siku arobaini. Tabibu aliomba mwambiwe, akafungwa. Na huyo mliyemzunguka hana kosa. Mimi niliogopa kusema, nikacheza na mikono."

Askari alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya mwisho, mkuki mkononi. Alikuwa na mama Bondeni. Akasimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho kama watu wengine.

Mawe yalianza kuanguka, moja moja. Mize aliinua uso kuutazama mnara.

"Baba, ulijua tangu lini?"

Ngwali angeweza kusema tangu jana. Hakuna ambaye angembishia.

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Siku kumi na moja."

Mize alilitua beseni. Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikitaja majina. Alipomaliza aliwageukia waliokuwa karibu naye, wale wale waliotaka kumuua muda mfupi uliopita, akasema, "Sogeeni. Msinikaribie." Wakampisha kwa upana mkubwa, naye akashuka Bondeni peke yake.

Watu hawakurudi makwao. Walikwenda kwenye lango la kasri, na lilipoanguka hapakuwa na askari hata mmoja wa kulitetea. Mfalme alitorokea mlango wa jikoni akiwa na nguo za mpishi, na hadi leo haijulikani alikoishia. Waziri wa Maneno alikamatwa barazani. Alitaka sana kujitetea, akafungua mdomo mara tatu, na kila mara alikosa neno la kuanzia. Tabibu alitolewa shimoni, akaomba maji ya kunawa na punda wa kumpeleka Bondeni.

Mize alijifungia ndani. Tabibu alichora mstari wa majivu hatua kumi kutoka mlangoni, na Ngwali akaketi nje ya mstari huo siku tatu, hajabadilisha nguo. Siku ya tatu damu ilikuwa imeanza.

"Baba, bado upo?" Mize aliuliza kutoka ndani.

"Nipo, mwanangu."

"Nilipokuwa nasikia njema nilisema moyoni, kungekuwa na neno, Baba angesema. Kila nyumba niliyoitwa nikaenda. Nimewaosha tisa."

"Nisamehe, Mize."

Mize alikohoa muda mrefu, kisha akasema, "Nikifa usinioshe."

"Mize."

"Nawajua wazazi. Nimewaona wanavyoung'ang'ania mkono wa mtoto, utawabandua nusu siku. Na wewe utataka. Niapie hutanigusa."

Ngwali akaapa. Alilazimika kurudia mara mbili, kwa sababu sauti ile iliyofika hadi kisimani siku zote haikufika mlangoni.

Mize alikufa siku ya tano asubuhi. Watu wawili waliojifunga ngozi mikononi walimviringisha kwenye mkeka na nguo zake alizokuwa amevaa, wakambeba kwa miti mirefu. Yeye aliyewaosha watu wa Bondeni kwa miaka kumi na minne alizikwa na vumbi miguuni. Mtaa mzima ulisimama mbali.

Kabla ya hapo Ngwali alimwendea Tabibu na kamba, akamwomba amfunge mikono nyuma, akaze sawasawa. Alisema kiapo chake anakiamini, mikono ndiyo haiamini. Walipokuwa wanamshusha kaburini mkono wa Mize ulichomoka mkekani, ukaning'inia, na Ngwali alisogea hatua moja mbele. Moja tu.

Watu wa mitaa ya juu waliokuwa wakipita na mizigo yao walimwona mzee amefungwa kamba, wakadhani ni mmoja wa watu wa Mfalme anayepelekwa kuhukumiwa. Mmoja wao alisimama, akamtemea mate kifuani. Tabibu akapandwa na hasira, akafungua mdomo amweleze yule bwana kwamba mzee huyu ni nani na amefiwa na nani.

"Mwache," Ngwali alimwambia. "Hajakosea."