Hatua za Jumamosi

Mwalimu aliyeitwa Firimbi alistaafu akiwa na magoti mawili mabovu na dharau isiyopungua hata chembe. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha mazoezi ya mwili, na katika miaka hiyo aliwagawa binadamu mafungu mawili: wanaojua kuruka na wanaojua kukaa. Wa fungu la pili aliwaita magunia. Daktari aliyemtibu magoti alikuwa gunia. Mkwewe, mume wa bintiye, alikuwa gunia, tena lililofungwa vibaya, huku na kule limemwagika. Na mwalimu mkuu wa shule ya mtaani kwao, mtu aliyepanda gari kutoka nyumbani hadi shuleni, mwendo usiomaliza peremende mdomoni, huyo alikuwa ghala zima.

Basi siku ghala hilo lilipobisha hodi kwake, Firimbi hakuinuka kitini. Alimkaribisha kwa kidevu.

Mwalimu mkuu alizunguka mbuyu kwa muda mrefu. Aliuliza habari za magoti, akasifu usafi wa sebule, akakohoa. Mwishowe akalitoa lililomleta. Baada ya wiki nne wangekuja watafiti kutoka chuoni kuwapima watoto wa darasa la tatu: kukimbia, kuruka, kurusha na kudaka mpira, kusimama kwa mguu mmoja. Kisha kila mtoto angefungwa kiunoni kidude cha kuhesabu hatua na kukaa nacho siku saba. Shule ilihitaji mtu wa kuwaandaa.

Firimbi akauliza vipindi vya mazoezi vilikuwa vingapi. Viwili kwa wiki, akajibiwa, vimo kwenye ratiba. Akauliza kama vimo uwanjani pia. Hapo mwalimu mkuu akaanza kuangalia viatu vyake. Ukweli ni kwamba vipindi hivyo vilikuwa vimemezwa na hesabu kwa miaka mitano. Ila mara mojamoja, alijitetea, watoto walitolewa nje.

"Kufanya nini?"

"Kuokota takataka."

Firimbi alikubali kazi. Huruma haikuwa sababu. Alitaka kuyaona maafa kwa macho yake, na zaidi ya hayo, mjukuu wake alisoma darasa hilohilo la tatu. Binti yake alikuwa masomoni nchi ya mbali, mumewe akiwa amefuatana naye, kwa hiyo kwa miaka miwili mtoto alikuwa akilelewa na Firimbi, bibi yake. Kwa utani wa bibi na mjukuu Firimbi alimwita mke mwenza, na mtoto alimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa sauti ya mtu aliye kwenye foleni ya posta.

Siku ya kwanza uwanjani aliwapanga watoto arobaini na mmoja, akawaambia jambo dogo kabisa: waruke mara tano kwa mguu mmoja bila kuweka chini ule mwingine. Walioweza walikuwa kumi na mmoja. Waliobaki walikuwa kituko. Mmoja aliruka kwa miguu yote miwili, kisha akageuka na kutazama alikotoka kwa fahari, kama aliyeshuka kwenye ndege. Mwingine aliushika mguu wake ulioinuliwa kwa mikono miwili, ungedhani ni kuku anayetaka kumponyoka. Kwenye kurusha, walitanguliza mguu wa upande uleule wa mkono, mpira ukawaangukia vidoleni. Kwenye kudaka, walifumba macho na kukumbatia hewa, mpira ukiwa umeshapita zamani na kwenda zake.

Mke mwenza aliruka mara mbili, akakaa chini. Si kwamba alianguka. Alikaa, taratibu, akaikunja sketi yake chini ya mapaja.

Jioni ile Firimbi aliingia ofisi ya walimu bila kubisha. Aliwaambia kwamba kuku wa kufungwa kamba ana mazoezi kuliko darasa la tatu. Mwalimu wa hesabu alipojaribu kueleza kuhusu mitihani, akamwambia kwamba watoto wake wangejua kugawanya mafungu lakini wasingeweza kuvuka mtaro. Kisha akasema lililomkera hasa: "Nimewaletea mjukuu mzima, mkanirudishia kinyago. Mjue hivyo."

Walimu wakainamia madaftari yao.

Wiki nne zilipita kwa jasho. Mwalimu mkuu alileta wazo lake, kwamba siku ya kupimwa watoto kumi na wawili wepesi wapitishwe mara tatu nne kwa majina ya wenzao. Firimbi alimtazama mpaka akaondoka mwenyewe. Aliwafundisha watoto kutua kwa kukunja magoti, kupishanisha mkono na mguu, kuufuata mpira kwa macho hadi uguse mikono. Kufikia wiki ya nne walioruka mara tano walikuwa ishirini na sita. Mke mwenza aliongeza moja tu, zikawa tatu.

Kiongozi wa watafiti alikuwa dada mwembamba, mpole, mwenye kompyuta iliyobandikwa karatasi za rangi. Firimbi alimdharau dakika kumi za kwanza, kisha akamwona akiinama na kumfunga mtoto kamba za viatu kabla ya kumpima mbio, akapunguza. Alikubali hata kumsaidia. Vidude vilipogawiwa ni yeye aliyeandika orodha kwenye daftari, jina la mtoto na namba ya kidude, kwa mwandiko wake mkubwa uliolala kushoto.

Baada ya wiki mbili dada alirudi na majibu. Walimu wote walikusanyika ofisini, chai ikamiminwa, michoro ya hatua za watoto ikarushwa ukutani. Mwanzo ulikuwa mtamu kwa Firimbi, kwa kuwa siku zisizo na kipindi cha mazoezi watoto walionekana wamekaa kama vyungu. Lakini dada akaendelea. Wiki ile ya vidude alikuwa ameketi pembeni ya uwanja na saa yake, na katika dakika arobaini za kipindi cha Firimbi mwenyewe, mtoto wa kawaida alitumia dakika kumi na tano tu akitembeza mwili. Zilizobaki alisimama kwenye mstari, akisubiri zamu.

"Mstari ni nidhamu," Firimbi alisema.

Dada alisema ndiyo, ila mwili hauhesabu nidhamu. Aliyasema kwa adabu, na mwalimu mkuu akaongeza sukari kwenye chai yake, amefurahi kupita kiasi.

Kisha ikaja Jumamosi. Watoto wengi, dada alieleza, walitembea zaidi siku za mwisho wa wiki, maana huko mitaani hakuna mwalimu. Isipokuwa mmoja. Alionyesha mstari wa mchoro uliolala chini ya mingine yote kama uzi ulioanguka sakafuni. Mtoto huyu Jumamosi alikuwa na hatua mia tisa, na Jumapili chini ya hapo. Kidude hakikuwa kibovu, kwa sababu siku za shule kilihesabu vizuri.

Firimbi alicheka kuliko wote. Alisema hatua mia tisa ni za kwenda chooni na kurudi. Alisema huyo halelewi, amehifadhiwa, na aitwe mzazi wake hapahapa aulizwe kama amezaa mtoto au amenunua kabati. Mwalimu mkuu akadaka, akataka jina. Dada alijibu kwamba majina hayatajwi, ndiyo masharti ya utafiti.

"Namba ipi?" Firimbi akauliza. "Orodha ninayo mimi."

"Mwalimu," dada alisema polepole, "naomba usiifungue."

Lakini ukutani namba ilikuwa imeandikwa kwenye kona, kumi na saba, na daftari lilikuwa limeshafunguka mapajani. Firimbi alishusha kidole kwenye mwandiko wake mwenyewe. Kilipofika kumi na saba kikabaki pale.

Watu wote walimtazama. Mwalimu mkuu akarudia swali. Firimbi akafunga daftari, akasema masharti ni masharti na yaheshimiwe. Dada alikuwa akiangalia kikombe chake. Alijua tangu mwanzo; yeye ndiye aliyemfunga mtoto huyo kidude kiunoni.

Njia ya kurudi nyumbani Firimbi aliipita bila kumwona mtu. Alipofungua mlango alimkuta mke mwenza kwenye kochi, viganja juu ya magoti, kama mgeni anayesubiri mwenyeji atoke ndani. Mtoto akaamkia. Firimbi aliketi mkabala naye, akamwuliza Jumamosi ile alifanya nini.

"Nilikaa, bibi."

"Kwa nini?"

"Uliniambia nikae."

"Siku nzima?"

Mtoto alifikiri. "Hukusema mpaka saa ngapi."

Mwaka wa kwanza wa malezi, mtoto alianguka kwenye ngazi ya nyuma akavunjika jino, na binti yake alilia kwenye simu kwa kilio ambacho Firimbi hakukisahau. Tangu hapo maneno yake nyumbani yalikuwa machache: shuka, acha, taratibu, utaumia, kaa. Alikuwa amewarusha hewani watoto wa watu kwa mamia, na wa kwake amemweka kwenye kochi. Aliisaka sababu ya kumlaumu mwalimu wa hesabu, akaizungusha kila upande, akaikosa. Gunia halikuwa shuleni. Alikaa pale na aibu yake, na aibu haikumwuliza kama magoti yanauma.

Asubuhi alikwenda kwa mwalimu mkuu, akasimama, kiti akakikataa.

"Kumi na saba ni wa kwangu," alisema.

Uso wa mwalimu mkuu ulichanua. Alisema kumbe, kumbe, tatizo liko majumbani, siku zote yeye alihisi hivyo. Angewaandikia wazazi barua. Na kwa kuwa shule haina kosa, hapakuwa tena na haja ya kuvuruga ratiba. Vipindi vingeweza kurudi kwenye hesabu.

"Nimekuja kukwambia kosa langu," Firimbi alisema. "Sikuja kukuazimisha ulitumie." Akaongeza kwamba barua iandikwe, na sahihi ya kwanza iwe yake, lakini chini yake zibandikwe namba zote za dada, za nyumbani na za shuleni, wazazi wasome wenyewe jinsi watoto wao walivyookoteshwa takataka miaka mitano.

Barua haikuandikwa. Baada ya mvutano wa wiki nzima kipindi kimoja kilibaki uwanjani, cha pili kikaendelea kumezwa. Firimbi aliwaita waoga, akakichukua hicho kimoja. Akaacha mistari mirefu. Badala ya mpira mmoja kwa darasa zima aliwashonea watoto mipira kumi na minne ya matambara, kelele zikazidi, na mwalimu wa hesabu akafunga madirisha.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka mke mwenza kwenye uwazi nyuma ya nyumba, mahali watoto wa jirani wanapochezea. Mtoto alisimama dakika nyingi akitazama. Kisha mmoja akamgusa bega na kukimbia, naye akafuata, mikono imeganda ubavuni kama amefungwa kamba. Hatua ya kumi aliteleza. Kiwiko kikachubuka, damu ikatoka. Neno lilimjaa Firimbi mdomoni, akauma midomo. Mke mwenza alikitazama kiwiko, akamtazama bibi kusubiri amri. Amri haikuja. Akainuka, akawafuata wenzake.

Firimbi aliingia ndani kutafuta kitambaa, na simu ikalia. Alikuwa binti yake. Firimbi hakusubiri aulizwe. Alimwambia mtoto ameanguka na kiwiko kimechubuka.

Binti akadakia. "Ameanguka vipi?"

"Akikimbia."

"Akikimbia?" Binti alilirudia neno kama habari ya mtu asiyemfahamu. Kisha akaomba aongee naye.

"Hayupo ndani," Firimbi alisema, akasogea dirishani na simu sikioni.