Kumi na Mmoja wa Fumba

Masika yalikuwa yameisha wiki ile. Saa mbili na nusu asubuhi Bi Riyama alikaza kamba za buti, akaingia kichakani Fumba kuhesabu mimea ya asili, na fomu nne na kalamu mbili. Alikuwa na stashahada ya misitu na watoto watatu. Shule na nyumba, zote mbili, zilimfunza kuita majina kwa sauti. Nyuma yake alikuja Msabah, kijana wa kampuni ya nyumba, kashika mwavuli.

"Mkilua," aliita Bi Riyama.

"Labeka," akajibu mkilua, maua yake yameinama kwa adabu.

Bi Riyama akatia alama. Mkaaga akaitika. Mlapaa akaitika mara mbili, maana alikuwa pande zote mbili za njia. Mlangamia, mtambaa asiye na jani, anayeishi kwa kunyonya wenzake, aliitika mwisho, tena kwa uvivu. Jumla walikuwa kumi na mmoja, wote wa asili, wote wamechanua.

Msabah alitazama saa. "Maua ya kule Mbweni yalikuwa kimya. Tulimaliza kabla ya chai."

"Mliyaita?"

"Hatukuyaita."

"Basi."

Msabah akampa ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa umeshapigwa chapa: Eneo halina mimea ya asili. Ilibaki sahihi ya Bi Riyama tu. Akishaitia, katapila linaingia Jumatatu.

"Nimesikia kama ulivyosikia wewe, Bi Riyama, sikatai. Lakini fomu haina safu ya sauti."

"Ichore."

"Sina rula."

"Na mimi sina sahihi."

Sahihi ilipatikana mjini, kwa Bwana Wakil, mkubwa wa Bi Riyama kazini, ambaye kichaka kile alikijua kwenye ramani. Jumatatu katapila likaingia. Bi Riyama alisimama kando akiita, nao wakaitika mmoja mmoja. Dereva alizima injini ili asikie vizuri, kisha akaiwasha tena.

Sasa pana nyumba, na maegesho yaliyotandikwa matofali. Kila masika yakiisha Bi Riyama huja na binti yake Yusra, husimama kati ya magari, huita. Kumi na mmoja huitika kutoka chini ya matofali, hajapungua hata mmoja. Wakaazi wamezoea. Mwaka huu kamati yao ilimwandikia barua, ikimwomba aite kwa sauti ya chini kwa ajili ya watoto wanaolala mchana. Aliisoma, akaikunja, akamwambia Yusra aite yeye, kwa kuwa ana sauti kubwa zaidi.

Jaku, mlinzi, akasogeza kiti. "Jana nshamwita mwenyewe yule wa maua meupe, 'We Mweupe!', Bi Riyama. Kaninyamazia."

"Mweupe si jina. Nikikuita Mrefu, utaitika?"

"Siitiki."

"Basi kaa usikilize."

Ubao wa langoni bado unasema nyumba hizi zimejengwa juu ya ardhi tupu. Yusra akauegemea, akavuta pumzi, akaita jina la kwanza.